Vyungu Viwili kutoka Kamanga

Igogo, Mwanza
6 Machi 2024

Babu Masele, shikamoo.

Naandika kwa sababu wewe na simu mmeshindwana. Ile niliyokuletea Krismasi nasikia umeifunga kwenye kitambaa na kuiweka juu ya kabati, eti ndani yake watu wote wanaongea kama nyuki. Haya, karatasi hii hapa. Jirani yako Mwalimu Antoni atakusomea.

Sitazunguka. Mwisho wa Mei madaktari wa macho wanakuja Mwanza na nimeshaandikisha jina lako. Krismasi ulituambia ni ukungu kidogo tu kwenye jicho la kushoto, na kwamba hata ungekuwa mwingi huwezi kuondoka, nyoka wako utamwachia nani. Wajomba walicheka. Mimi sikucheka. Nimekaa na jibu lako miezi miwili, nimelifumua na kulishona upya, nikaona kumbe lina mlango. Nyoka niachie mimi.

Unajua ninavyowaogopa. Nilikuwa darasa la pili ulipocheza ngoma ya Bayeye, wale wacheza nyoka wenzako, na chatu shingoni, nikakimbia nikajifungia stoo ya kanisa mpaka watu walipomaliza kula. Bado naogopa. Lakini chumba changu cha kushonea kina panya wanaotafuna kola za sare za kwaya, na paka wa mwenye nyumba wangu, Mama Paskazia, ni mnene kuliko kondoo na hashiki hata mende. Basi nichagulie mmoja wa kufuga: mla panya asiye na sumu, mgumu, asiyekufa kwa makosa ya mtu anayejifunza, na mwenye tabia njema. Nikimweza, hutakuwa na sababu ya kubaki huko.

Nimeamua, Babu. Usinijibu kwa methali.

Mjukuu wako,
Kija


Kamanga, Sengerema
13 Machi 2024

Mke wangu Kija,

Marahaba. Mimi mumeo sijambo, isipokuwa meno, ambayo yamebaki mawili na hayaelewani. Anayeandika ni Mwalimu Antoni, maana mkono wangu siku hizi unatetemeka na sitaki uone herufi zinacheza ngoma. Kiti chake amekigeuzia njiani. Amefundisha watoto miaka thelathini, lakini chungu cha nyoka kikitikisika anatangulia kutoka.

Methali nilikuwa nimeandaa tatu. Nimezimeza.

Unayemtaka ni nyoka wa nyumbani, wa kahawia, anayekaa kwenye maghala. Sisi Bayeye hatukuanza na mwingine. Alama zake zishike kama unavyoshika vipimo vya mteja. Kila upande wa kichwa ana mistari miwili ya rangi ya maziwa, mmoja unapita kwenye jicho. Jicho ni kubwa na mboni yake imesimama wima kama ya paka. Kichwa kimeachana na shingo, unaona kabisa shingo inapoanzia. Akiwa mzima, uti wa mgongo hautokezi na mdomo hauna ute. Ukimpa mkono anakuzunguka taratibu na kukaza, kama mtoto mchanga akishika kidole, na ulimi wake hauna haraka. Anayegongagonga hovyo mrudishe hata akiwa mzuri. Asiyekula mrudishe pia. Tabia njema ya nyoka ni kula na kutulia, hana nyingine.

Na kuna yule wa ardhini, ambaye hata sisi hatumshiki kichwani, kwa sababu jino lake hutokea pembeni mdomo ukiwa umefungwa. Huyo humhitaji. Nimemtaja kwa ukamilifu wa somo tu.

Sasa sharti. Utakaa naye siku arobaini, kama mwalimu wangu alivyonipa mimi nikiwa kijana. Akila, na akivua gamba lake zima, nitavuka maji nije kwa hao madaktari wako. Akifa, au ukimkimbia, utaniacha na ukungu wangu. Nimesema mbele ya Mwalimu, naye ameandika.

Mumeo,
Masele, kwa mkono wa Mwl. Antoni


Igogo
21 Machi 2024

Mume wangu mwenye meno mawili, shikamoo.

Nimekubali sharti. Fundi seremala amenitengenezea sanduku la mbao lenye wavu wa chuma juu, nimeweka kigae cha kujificha na bakuli la maji. Nimekwenda pia ofisi ya wanyamapori kuuliza habari za kibali. Afisa alinitazama kama mtu aliyekuja kuomba kibali cha kufuga mvua, lakini fomu alinipa, nikajaza hapo hapo kabla hajabadili nia.

Kazi ilikuwa kwa Mama Paskazia. Alisema yeye na nyoka hawawezi kulala chini ya bati moja, na kwamba mzee wa kanisa akijua nitatolewa kwenye kwaya. Nilimjibu kwamba panya wameshakula waya wa friji yake, sare za kwaya hiyo hiyo na robo ya Biblia yangu, na mzee wa kanisa hajawafukuza hata mmoja. Jioni akaja na masharti yake: sanduku liwe na kufuli, na ufunguo akae nao yeye. Kwa hiyo kila nikitaka kulisha nyoka wangu itabidi nibishe hodi kwa mwenye nyumba. Nimekubali hilo nalo.

Alama zako nimezinakili kwa chaki kwenye ukuta, chini ya vipimo vya wateja. Nazisoma nikishona. Mtume huyo nyoka.

Kija


Kamanga
28 Machi 2024

Mke wangu,

Barua hii inakuja na Teodora, yule mama wa dagaa anayevuka kila Alhamisi. Kwenye tenga lake kuna vyungu viwili vilivyofungwa midomo kwa kitambaa. Nimemwambia ni dawa ya ng'ombe. Usimharibie siku.

Ndani yake wamo wawili, wote wala panya. Nimewatoa ghalani mwenyewe kwa mkono mtupu na kuwapima mmoja mmoja: wanene, laini, watulivu. Mmoja utamchagua, wa pili utamrudisha. Usiniulize yupi. Nataka nione kama alama zangu zimeingia kichwani au zimeishia ukutani. Anza kuhesabu siku zako kesho.

Mwalimu anakusalimu kutoka njiani.

Masele


Igogo
1 Aprili 2024

Mwalimu Antoni, shikamoo.

Barua hii ni yako. Naomba usimsomee Babu. Nimekupigia simu mara sita haipatikani, kwa hiyo naandika.

Chungu cha kwanza nilikifungua. Alikuwa wa kahawia, mistari miwili kila upande, jicho kubwa, shingo inaonekana. Nilimpa mkono huku nimefumba macho. Alipanda taratibu, akanizunguka kwenye kifundo na kutulia. Nilikaa naye hivyo mpaka nikaweza kufumbua macho. Siku ya tatu alikula panya. Nimemwita Karani, kwa sababu anatoka chini ya kigae chake saa ile ile kila jioni kama mtu anayefunga ofisi.

Chungu cha pili nilikifungulia juu ya meza kwa ile rula ndefu ya mbao. Mwalimu, huyu ni mweusi. Hana mstari hata mmoja. Macho yake ni kama vichwa vya pini. Kichwa na shingo ni kitu kimoja, na mkia ni mfupi wenye ncha. Alikunja shingo kama upinde na kuchoma pua chini. Nilitazama ukutani, nikasoma alama zote tangu mwanzo, nikamtazama tena. Nilifunika chungu na kukigandamiza kwa pasi ya mkaa. Kesho yake afisa wa wanyamapori alikuja na ndoo yenye mfuniko, akamtazama, akaniuliza nani kanipa. Amesema ndiye yule wa ardhini, na kwamba aliyemshika kwa mkono mtupu ana bahati ya kuwa hai.

Babu amekamata nyoka tangu hajaoa. Hawezi kuwachanganya hawa wawili, labda kama anawachagua gizani. Halafu ananiambia mkono unatetemeka. Mkono unaotetemeka haukamati nyoka wawili na kuwafungia chunguni, Mwalimu. Mkono wake ni mzima. Niambie anaona nini.

Kija


Kamanga
8 Aprili 2024

Mwanangu Kija,

Marahaba. Simu niliizima mwenyewe. Kwa karatasi nimeweza kukuficha miezi yote hii. Kwa sauti nisingeweza.

Babu yako haoni. Jicho la kushoto lilikwisha mwaka jana wakati wa mavuno, na la kulia linatofautisha mchana na usiku tu. Krismasi alikaa kwenye kiti kimoja siku mbili mkidhani ni heshima ya uzee. Nimemfungia kamba kutoka mlangoni mpaka chooni, na mlipokuja aliniomba niifiche. Aliniapisha. Alisema wajomba zako wakijua watauza shamba na kumgawana kama viti, kila mtu miezi mitatu, na kwamba mtu wa Bayeye asiyeona ni kichekesho. Mimi ni mwalimu, nimechapa watoto wengi kwa sababu ya uongo, na uongo huu nimeuandika kwa mwandiko wangu mzuri. Naona aibu.

Siku ile ya vyungu nilimwona akiingiza mkono kwenye mapumba ghalani. Sikukaribia. Kama ningekaribia, ningeona rangi. Sasa vyungu vilivyobaki nimevifunika kwa mawe, na mlango wa ghala nimeupiga misumari. Amenuna, hasemi nami ila kwa ajili ya barua.

Fanya unaloweza. Mimi nimeshindwa.

Antoni


Igogo
12 Aprili 2024

Babu, shikamoo.

Najua. Usimlaumu Mwalimu, nilijua kabla hajaniambia. Chungu cha pili kilikuwa na yule wa ardhini.

Hakuniuma. Sikumgusa, kwa sababu hakuwa na mistari wala shingo. Nimekasirika, Babu, na sitaki kukuficha. Nimelia juu ya gauni la bibi harusi mpaka ikabidi lifuliwe. Silii kwa ajili yangu. Nalia nikifikiria mkono wako mle kwenye mapumba.

Wajomba sijawaambia, na sitawaambia usiponiruhusu. Hakuna atakayekugawana. Chumba changu kina kitanda cha pili, nimenunua jana.

Sharti letu lipo pale pale. Leo ni siku ya kumi na tano.

Kija


Kamanga
19 Aprili 2024

Kija,

Nimemwambia Mwalimu aandike neno kwa neno na asipambe.

Nilikutumia kifo kwenye tenga la dagaa. Teodora alikaa nacho miguuni tangu huku mpaka ng'ambo, akiwaambia watu ni dawa. Nilimshika mle ghalani nikasema moyoni, huyu ni mtulivu. Tangu uliponiandikia silali. Nikilala nakiona chungu, na ni kitu pekee ninachokiona.

Mwalimu wangu alituambia kwamba siku utakapomkosea nyoka jina, acha. Nimeacha. Vyungu nilivyobaki navyo Mwalimu amewaita vijana wakavimwage porini. Lakini kwako siji. Mtu aliyekutumia kile chungu hana haki ya kulala kwenye kitanda chako cha pili. Hao madaktari waambie nafasi yangu wampe mtu mwingine, ambaye macho yake yana kazi. Mimi nilichotaka kuona nimeshaona, na nilichokiharibu sitaki kukitazama.

Karani wako mtunze. Huyo sikumkosea.

Masele


Igogo
7 Mei 2024

Babu Masele, shikamoo.

Leo ni siku ya arobaini. Mwalimu, kabla hujasoma zaidi, mpe Babu hiki kilichomo kwenye bahasha kubwa. Mwekee mikononi.

Babu, hilo ni gamba la Karani. Alilivua juzi. Siku tano kabla macho yake yaliingia ukungu, nikafadhaika, nikakumbuka kwamba nyoka naye huwa haoni kabla ya kuvua, halafu huona. Mama Paskazia ndiye aliyeliona kwanza, maana siku hizi anafungua sanduku bila kuniita na kumweleza Karani habari za wapangaji. Tulilitoa pamoja kwa vibano, taratibu, tusilichane. Anzia puani. Pitisha vidole. Utasikia kofia mbili za macho ziko mahali pake, halafu kichwa kinaachana na shingo, halafu magamba mapana ya tumboni mpaka ncha ya mkia. Ni zima. Hii ni barua yangu ya kwanza ambayo unaweza kuisoma bila Mwalimu, kwa hiyo usiniambie umeelewa vibaya.

Sasa nisikilize. Umesema ulinitumia kifo. Ni kweli. Lakini wiki mbili kabla yake ulinitumia mistari miwili, jicho, shingo, ulimi na ukamilifu wa somo. Nani alinikataza kuingiza mkono kwenye chungu cha pili? Ni wewe. Macho yako yalishazima, lakini yalikuwa yameandikwa ukutani kwangu kwa chaki. Ungekuwa mwalimu mbaya mimi nisingekuwa hai, na ungekuwa mwalimu mzuri anayeona tusingekuwa na barua hii.

Ulisema mbele ya Mwalimu kwamba akila na akivua gamba zima utavuka. Amekula mara tisa. Gamba unalo mkononi. Siombi, nadai. Jumamosi tarehe kumi na moja nakuja na kivuko cha kwanza. Uwe umevaa viatu. Usipokuwa umevaa nitakuvalisha, na usipotaka kutembea nitakukodia mkokoteni, watu wa Kamanga waone Mzee Masele wa Bayeye anabebwa na mkewe.

Wajomba watajua siku tutakayowaonyesha bandeji, si kabla.

Kija


Igogo, Mwanza
16 Juni 2024

Mwalimu Antoni,

Tazama mwandiko. Usicheke, mstari huu nimeurudia mara tatu. Jicho la kulia limefanyiwa kazi, la kushoto wamesema Agosti. Nimenunuliwa miwani ya kusomea inayonifanya nifanane na wewe, jambo ambalo nimelipokea kwa uvumilivu.

Nakuandikia wewe kwanza kwa sababu nilikuapisha uongo, nawe ukaubeba. Niwie radhi. Pia niliacha kukusemesha kwa sababu ya misumari ya ghala. Misumari ile ilikuwa sahihi.

Walipofungua bandeji nilimwona nesi, nikaona dirisha, nikamwona mke wangu. Mwalimu, amezeeka. Miaka ile ukungu ulipoanza nilimwacha msichana, nimekuta mwanamke mwenye mvi mbili juu ya sikio na vidole vilivyotobolewa na sindano. Nililia mbele ya watu. Yeye alinipa leso akaniambia nisiloweshe jicho, limegharimu mazungumzo mengi.

Wanangu walikuja Jumapili. Walianza habari za zamu, nani anichukue miezi gani. Kija aliwaacha wamalize, akawaambia Babu amepangishwa, na wakitaka kujua kodi wamuulize Karani. Mama Paskazia akafungua sanduku. Walikumbuka safari zao wote kwa pamoja. Nimecheka mpaka jino moja limelegea.

Hapa kwa Kija nimeusoma ukuta mzima wa chaki. Alama zangu zote zipo, ameziandika vizuri kuliko nilivyosema. Chini yake ameongeza moja kwa mkono wake: asiyejua awaulize wanaoona. Sikuipenda. Nimeiacha ibaki.

Sasa Karani. Wiki hii alikataa panya, na Kija akaanza kupoteza usingizi, akidhani amemkosea kitu. Nikamwomba anipe nimtazame. Nilimpeleka dirishani na kumtazama kwa jicho langu hili jipya, kwa muda mrefu. Nilipompima ghalani vidole viliniambia ni dume mnene kwa kula. Jicho limeniambia ni jike, na unene ule ni mayai. Kwa hiyo katika vyungu viwili, Mwalimu, sikupatia hata kimoja. Nilimwambia Kija hivyo hivyo, bila kuficha, na hakunicheka. Alikwenda kupima mbao za sanduku la pili.

Mayai yanahitaji mtu wa kuyaangalia, na Kija ana sare za shule tatu za kumaliza kabla muhula haujafunguliwa. Nimeona nibaki. Kamba ya chooni ifungue, umpe mwenye mbuzi.

Nijibu kupitia kwa Teodora, ambaye amenisamehe kwa kilo mbili za sukari. Andika herufi zako za kawaida, usinikuzie kama watoto wa darasa la kwanza. Barua nitaisoma mwenyewe.

Masele